Mchana mmoja ufukweni Mwanza, kati ya meli na meli: dhana potofu na ukweli wake

Abiria anayetoka Bukoba kwa meli ya MV Victoria husafiri usiku kucha na kushuka katika Bandari ya Mwanza Kaskazini asubuhi, na kwa ratiba iliyozoeleka meli hiyo hiyo huondoka tena usiku kurudi ilikotoka. Katikati hubaki mchana mmoja. Wapo wanaoumaliza sokoni, na wapo kama shemeji yangu, ambaye kila akija hunipigia simu kabla hata hajashusha begi na kuniambia maneno yale yale: "Shemeji, nipeleke ufukwe usio na watu, maji yawe yametulia." Nimeishi karibu na ziwa hili muda wa kutosha kujua kwamba mambo hayo mawili anayoyaomba kwa pamoja ndiyo yanayowapoteza wageni wengi, kwa sababu utulivu wa maji na utulivu wa ufukwe ni vitu tofauti, na mara nyingi huvutana.

Dhana: Ukitaka faragha, nenda mbali.

Ramani ya Ziwa Victoria humdanganya mtu. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Tanzania peke yake ina zaidi kidogo ya nusu yake, kwa hiyo mgeni huona visiwa vingi na kudhani kwamba chochote kati yake kinafikika kwa mchana mmoja. Ukerewe, ambayo hutajwa kuliko vyote, ni safari ya zaidi ya saa tatu kwa kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio, na mtu anayepaswa kurudi siku hiyo hiyo kuwahi meli ya usiku atakuwa amelipia kukaa juu ya benchi la kivuko. Ukerewe inastahili kulala. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ni safari ya maandalizi kamili na haimfai kabisa mtu mwenye saa chache.

Ukweli ni kwamba faragha ya Mwanza hupimwa zaidi kwa siku ya wiki kuliko kwa kilomita. Fukwe za Ilemela, zilizo upande wa barabara ya uwanja wa ndege, ziko umbali wa kilomita 10 hivi kutoka mjini. Jumapili alasiri hujaa vikundi vya wanafunzi, sherehe za kuzaliwa na spika kubwa kuliko meza zilizowekwa, lakini Jumanne asubuhi katika ufukwe ule ule utamkuta mhudumu anafagia majani ya mwembe na mbwa amelala kivulini. Upande wa kusini kuna Luchelele, jirani na Nyegezi, ambako miamba huugawa ufukwe katika vipande vidogo na kila kundi hupata kona yake. Anayetaka kuvuka ghuba anaweza kupanda kivuko cha Kamanga, ambacho gati lake liko jirani na mwamba wa Bismarck katikati ya mji, na kufika ng'ambo kwa muda wa nusu saa hivi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, upande wa Sengerema unafikika kwa gari bila kusubiri foleni ya kivuko iliyokuwa ikimeza muda mwingi. Hata hivyo, kwa mtu mwenye meli ya usiku, mimi bado ningebaki upande wa mjini.

Dhana: Maji yaliyotulia kama kioo ndiyo maji salama.

Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nibishane na shemeji kila mara. Kona ya ziwa isiyopigwa na mawimbi, yenye matete pembeni na maji yasiyosogea, inapendeza kwenye picha. Kwa mwenyeji ni kona ya kuiangalia kwa mashaka. Humo ndimo konokono wa majini hustawi, magugu maji husukumwa na upepo yakajikusanya humo, na penye matete mazito mamba na kiboko huweza kujificha usiwaone. Wanyama hao wamo ziwani, na habari za watu kukamatwa na mamba husikika mara kwa mara, hasa katika vijiji vya upande wa Sengerema na Buchosa ambako watu huchota maji na kufua kando ya ziwa.

Konokono ndio wanaohitaji maelezo marefu zaidi. Kichocho huletwa na minyoo ambayo haiwezi kukamilisha maisha yake bila kupitia kwa konokono. Kinyesi cha mgonjwa kikifika majini, mayai huanguliwa, viluwiluwi huingia ndani ya konokono na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha hutoka vikiwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vyenye uwezo wa kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote kwa dakika chache tu. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi mchana wakati jua limekolea, yaani saa zile zile ambazo mgeni wa siku moja huingia majini. Ufukwe wa mchanga ulio wazi na unaopigwa na mawimbi hupunguza hatari, ingawa hauiondoi, kwa sababu wapo konokono wa ziwa hili wanaoishi hata kwenye mchanga wa chini mbali na majani.

Wengi hujifariji kwamba kichocho wangekigundua mara moja kwa sababu wangekojoa damu. Hiyo ni aina nyingine, ambayo Usukumani hupatikana zaidi bara, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga. Aina inayotawala kandokando ya ziwa ni kichocho cha tumbo, ambacho huweza kukaa mwilini kimya kwa muda mrefu, kikaleta maumivu ya tumbo, kuhara, wakati mwingine damu kwenye kinyesi, na hatimaye kuharibu ini. Wengine husema kujifuta taulo haraka kunatosha. Kujifuta ni kuzuri, lakini si kinga ya kutegemewa. Na wapo wanaomeza dawa ya prazikwanteli jioni ile ile wakidhani wamemaliza kazi, ilhali dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na haina nguvu kwa ile michanga, ndiyo maana aliyeingia majini hushauriwa kupima au kutibiwa baada ya wiki sita hadi nane. Mwanza si mji usiojua ugonjwa huu: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa ambacho kimeuchunguza kwa miaka mingi.

Ushauri wangu, ambao shemeji huuona wa kizee, ni kuchagua ufukwe kwa ajili ya kukaa na kutazama, na kuchagua bwawa la kuogelea kwa ajili ya kuogelea. Hoteli kadhaa za Ilemela na Capri Point zina vyote viwili.

Dhana: Ufukwe usio na watu ni ufukwe usio na wenyewe.

Miaka michache iliyopita niliwachukua wageni hadi ufukwe mmoja mbele ya Igombe ambao nilikuwa nimeupita alasiri na kuukuta mtupu. Tulifika saa mbili asubuhi. Mchanga wote ulikuwa umetandazwa nyavu, na juu ya nyavu dagaa waliong'aa kama vipande vya bati, huku akina mama wakiwageuza kwa fagio za vijiti na kuwafukuza kunguru. Harufu ilitupokea kabla hatujafungua mlango wa gari. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitutazama kwa huruma.

"Shikamoo mzee. Hapa pana watu kila siku?"

"Marahaba. Njooni mwezi ukiwa mpevu," alijibu. "Siku hizo tunalala."

Alikuwa na maana kamili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri giza likiwa totoro, kwa hiyo mbalamwezi inapoangaza ziwa lote wavuvi wengi wa dagaa hupumzika kwa siku kadhaa. Mwalo, yaani mahali wavuvi hushushia samaki, ulio na vurugu katika wiki ya giza huwa mtulivu katika wiki ya mwezi mpevu. Ni kipimo ambacho hutakikuta kwenye tangazo la hoteli yoyote, lakini anayechagua ufukwe ulio jirani na mwalo afadhali aangalie mwezi kabla ya kuangalia bei. Na akikuta watu wako kazini, salamu kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa.

Dhana pacha ni kwamba hoteli ikijenga ukuta hadi majini, ufukwe umekuwa wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari na maziwa ya asili. Kiingilio unacholipa mlangoni ni cha viti, choo, kivuli na ulinzi, na sehemu nyingine hukirudisha kwa kukipunguza kwenye bili ya chakula. Uliza kabla ya kulipa.

Dhana: Picha za mtandaoni zinaonyesha ufukwe utakaoukuta.

Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa namna ambayo watu wa Dar es Salaam na Tanga wanaijua, kwa hiyo wageni kutoka pwani hudhani kwamba mpaka wa maji hautembei. Hutembea, ila kwa miaka. Mvua kubwa zilisababisha kina cha ziwa kuivuka rekodi ya 1964 mwezi Mei 2020, na 2024 kikapanda tena juu zaidi ya hapo. Sehemu nyingi za kandokando zilipoteza mchanga, vibanda vya makuti vikasimama ndani ya maji, na miti ikakauka kwa kuzama mizizi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia meza "ya mchangani" katika hoteli moja nikakuta ukuta wa mawe, na mchanga ulikuwa umebaki kwenye tangazo tu. Tafuta picha ya mwaka huu, au piga simu umwombe mhudumu akutumie moja ya asubuhi hiyo. Mwenye ufukwe hakawii kuutuma.

Hata pale kina kinapokuwa cha kawaida, Mwanza ni mji wa miamba. Mawe yake ya matale (graniti) yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mchanga umejishikiza katikati yake kwa viraka. Mwamba unaouona juu ya maji huwa na ndugu zake chini usiowaona, na kwa sababu hiyo kuruka kutoka juu ya jiwe ni mchezo wa wenyeji wanaoijua sehemu hiyo tangu utotoni.

Dhana: Kwa kuwa upepo ni wa baridi, jua si kali.

Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza iko kusini kidogo tu ya ikweta. Upepo hukausha jasho, na ngozi huendelea kuungua bila taarifa. Tena, kwa kuwa Mwanza iko magharibi ya mstari unaoongoza saa zetu, jua hufika utosini karibu saa saba mchana. Faida yake ni kwamba machweo pia huchelewa, na mwanga wa jioni unao hadi karibu saa moja kasoro.

Dhana: Mtumbwi wa kukodi ni njia ya mkato ya kufika kona iliyojificha.

Asubuhi ziwa linaweza kuwa laini, na upepo wa ziwani ukakolea mchana wakati wewe uko upande wa pili. Mji huu haujasahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, wala MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Ikiwa chombo hakina jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, usipande, hata kama nahodha anakuita kaka na kukuapia kwamba ni hapo tu.

Anayetaka maji pande zote bila hofu hiyo anayo Saanane, kisiwa kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambacho ni safari fupi ya boti kutoka Capri Point. Ni hifadhi ya pimbi, swala na mijusi wenye vichwa vyekundu, haichukui nafasi ya ufukwe wa kuogelea, lakini nusu siku hapo katikati ya wiki ina ukimya ambao wengine huufuata hadi Ukerewe.

Dhana: Chakula kitakuwa tayari ukikihitaji.

Kwenye ufukwe mtulivu, jiko nalo ni tulivu. Sato wa kuchoma akianza kutayarishwa baada ya wewe kuagiza, saa nzima hupita, na siku isiyo na wateja huenda mtu akatumwa kwanza kumnunua. Nilimfundisha shemeji aagize kabla hajavua viatu, aombe kuonyeshwa samaki mwenyewe, amfunue mashavu aone kama yangali mekundu, kisha ataje saa anayotaka kula. Safari iliyopita alisahau. Sato wake aliletwa saa kumi na moja jioni, foleni ya barabara ya uwanja wa ndege ikiwa imeanza, na ilibidi afungiwe kwenye karatasi ya foili akamlie melini, daraja la tatu, akiwa amezungukwa na abiria waliokuwa wakiuliza harufu hiyo inatoka kwa nani.