Je, wajua kwa nini mtoto mchanga anacheka vile ukijificha uso halafu ukatokea?

Huu mchezo hakuna mtu aliyefundishwa shule, ila kila mwenye mtoto mdogo nyumbani anaujua. Unachukua taulo la mtoto, au ile shuka iliyokuwa inasubiri kukunjwa, unajifunika uso, unauliza "Mama yuko wapiiii?", unakaa kimya kidogo, halafu unafunua, "Huyu hapaaa!" Mtoto anacheka mpaka kitumbo kinatikisika. Unarudia, anacheka. Unarudia tena na tena na kicheko ndo kwanza kinaongezeka, mkono umeshachoka na nguo bado hazijakunjwa lakini kuacha huwezi, maana kile kicheko kinalevya jamani.

Sasa kaa ujiulize, hivi kinachomchekesha ni nini hasa? Uso ni ule ule, umejificha pale pale na umetokea pale pale. Mtu mzima ukimrudishia kichekesho kimoja mara tatu anakuomba ubadilishe stori, ila huyu wa miezi saba anataka kile kile na kwa namna ile ile. Mimi swali hili nalipenda sana kwa sababu jibu lake linakuonyesha mtoto ambaye hata "mama" hajajua kusema anakuwazia nini wewe.

Jibu utakalokutana nalo kila mahali ni kwamba mtoto mchanga anaamini kitu kisichoonekana hakipo. Hili linatoka kwa Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake kuhusu watoto wachanga aliifanya nyumbani kwake akiwaangalia watoto wake watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, wakicheza, na kuandika kila alichokiona. Aliona kwamba ukichukua kitu ambacho mtoto wa miezi mitano au sita anakitaka kweli, ukakifunika kwa kitambaa mbele ya macho yake, mtoto anaacha kukitafuta kama vile hakijawahi kuwepo. Mpaka afike kama miezi 8 ndo anaanza kuvuta kitambaa aone kilichopo chini. Basi watu wakalichukua hilo wakasema aaah kumbe, ukijifunika taulo wewe umepotea duniani, ukifunua umerudi, lazima acheke.

Ni maelezo matamu na yana ukweli ndani yake, ila yana matobo. Tobo la kwanza kila mzazi amelishaliona mwenyewe: mtoto wa mwaka mmoja na nusu anajua kabisa uko nyuma ya taulo, miguu yako anaiona, wakati mwingine ni yeye mwenyewe amekuwekea hilo taulo kichwani, na bado anacheka, tena kuliko alipokuwa mdogo. Kama furaha yote ingekuwa ni kushangaa kwamba kumbe bado upo, basi akishajua tu mchezo ungekufa. Haufi.

Tobo la pili lilitobolewa na watafiti Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman mwaka 1985. Wao waliona tatizo la Piaget ni kwamba alimtaka mtoto atumie mikono, na mikono ya mtoto wa miezi mitano bado haijui kupanga safari, kwa hiyo wakaamua kuangalia macho. Waliweka ubao mdogo unaolala na kuinuka kama mlango wa sakafuni, wakaweka kiboksi nyuma yake, halafu ubao ukainuka ukakificha kiboksi. Kuna wakati ubao ulisimama ulipofika kwenye kiboksi, jambo la kawaida, na kuna wakati (kwa ujanja ambao mtoto hakuuona) ubao uliendelea mpaka chini kana kwamba kiboksi kimeyeyuka. Watoto wa miezi mitano walikodolea macho zaidi lile tukio lisilowezekana. Yaani ndani ya kichwa chao kiboksi kilikuwa bado kipo hata kama hawakioni, na waliona kuna kitu hakijakaa sawa.

Kwa hiyo yule mtoto wako anayecheka, kuna uwezekano mkubwa anajua kwamba hujaenda popote. Sasa anacheka nini?

Kabla sijafika huko hebu nipite kwa Darwin kidogo maana hii naipenda mno. Charles Darwin, huyu huyu wa mageuzi ya viumbe, alikuwa anaandika habari za mtoto wake wa kwanza William, aliyezaliwa tarehe 27 Desemba 1839. Aliyatoa maandishi hayo mwaka 1877 kwenye jarida la Mind, William mwenyewe ashakuwa mtu mzima. Humo anasema mtoto alipofikisha siku 110 alifurahi sana aliporushiwa kiaproni chake usoni kisha kikaondolewa ghafla, na alifurahi vile vile baba yake alipofunua uso wake ghafla na kumsogelea, akatoa kasauti ambako Darwin alikaona ni mwanzo wa kicheko. Sasa mfikirie huyo mtu, mmoja wa wanasayansi wakubwa kabisa waliowahi kutokea, amekaa mbele ya mtoto anajificha uso na kuibuka, halafu anaenda kuandika. Na siku 110 ni kama miezi mitatu na nusu, ambayo inakaa sawa na tunachojua leo: tabasamu la kukujibu wewe huanza kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8, na kicheko chenye sauti hufuata kwenye miezi mitatu minne hivi. Yale matabasamu ya kabla ya hapo, mtoto akiwa usingizini, yanakuja yenyewe tu bila kumlenga mtu, ingawa sioni ubaya wowote wa mtu kuyafurahia.

Haya, turudi kwenye swali. Mwaka 1989 Gerrod Parrott na Henry Gleitman walitoa utafiti walioufanya kwa watoto wa miezi 6, 7 na 8, na kazi yao yote ilikuwa kucheza mchezo huu huu halafu kuuharibu makusudi. Mara nyingi mtu alijificha na kutokea kama kawaida. Ila mara moja moja alijificha mtu huyu akatokea mwingine, au alijificha hapa akatokea sehemu nyingine. Kama mtoto anapenda kushangazwa, hapo ndo angecheka mpaka basi, si ndiyo? Matokeo yakawa kinyume, tabasamu zilipungua. Watoto walikuwa na mtu wanayemngoja na sehemu wanayomngojea, na ilipotokea tofauti utamu ukapungua.

Hiki ndo kiini cha mambo. Mtoto anacheka kwa sababu alikuwa amebashiri, na amepatia. Ametabiri kwamba nyuma ya kitambaa kile yuko mtu fulani, atatokea muda si mrefu, atatokea pale, na uso wake utakuwa umefurahi kumuona yeye. Halafu paaa, vyote vinatimia. Wewe ni kitu cha kwanza duniani ambacho amekielewa vizuri kiasi cha kukitabiri.

Siku ukicheza naye usimwangalie wakati wa kucheka, mwangalie ile sekunde moja kabla hujafunua (pitisha jicho pembeni ya taulo). Miguu iliyokuwa inapiga piga hewa inatulia. Mdomo unabaki nusu wazi. Macho yanaganda pale pale kwenye ukingo wa kitambaa utakapotokea, na ukichelewa kidogo tu utaona pembe za mdomo zimeshaanza kupanda, yaani tabasamu linaanza kabla hujatokea. Nusu ya utamu iko kwenye huko kungoja.

Ndo maana taimingi ni kila kitu. Ukifunua haraka sana hajapata muda wa kungoja, ukikaa sana anaanza kupata wasiwasi na wengine wanalia. Wazazi wengi wanaigundua hiyo katikati bila mtu kuwaambia, na wanarefusha ukimya kadiri mtoto anavyokua. Jerome Bruner na Virginia Sherwood, walioandika kuhusu mchezo huu mwaka 1976, walisema una kanuni zake kabisa: kwanza mnaangaliana, pili mtu anapotea, tatu anatokea, nne mnaangaliana tena. Mtoto anazishika hizo kanuni kabla hajajua kusema neno lolote, halafu taratibu anaanza kukunyang'anya usukani. Mwanzoni anatazama tu, baadaye anakuvuta taulo mwenyewe, halafu siku moja anajifunika yeye na kungoja uulize yuko wapi. Huyo ameshajua kwamba kuna zamu yako na kuna zamu yake, na mazungumzo yote atakayofanya maishani yatakwenda kwa mtindo huo huo, mmoja anasema, mwingine anangoja, halafu wanabadilishana.

Na hapa naomba tusisahau kitu kimoja, kwamba inategemea sana ni nani amejificha. Mwaka 1972 Alan Sroufe na Jane Wunsch walichapisha kazi yao kuhusu kicheko cha mwaka wa kwanza, na wao waliwaomba akina mama wafanye vituko vya kila aina mbele ya watoto wao. Waliona kwamba wale wadogo wanachekeshwa zaidi na kuguswa na sauti, wale wakubwa wanachekeshwa na kuona kitu kisicho cha kawaida, kwa mfano mama kujifanya ananyonya chupa ya mtoto. Ila kituko kile kile akikifanya mtu mgeni mtoto anaweza kuangua kilio. Kwa hiyo mgeni akija kwenu akajificha na kuibuka kwa kelele kwa mtoto wa miezi tisa, na mtoto akalia, msimwambie mtoto ana kiburi. Huo mwezi wa nane, wa tisa, ndo hasa anapojua nani ni wa kwake na nani bado.

Kuna jaribio lingine linalonigusa kila nikilikumbuka, la Edward Tronick na wenzake, lililochapishwa 1978. Mama anacheza na mtoto wake kawaida kabisa, halafu anaambiwa akaushe uso kwa dakika chache, amwangalie mtoto bila tabasamu, bila neno. Mama hajaondoka, yuko pale pale mbele yake. Mtoto anatabasamu kumwamsha, anamtazama, anajaribu tena, na ikishindikana anageuza uso pembeni na mwili unanywea. Ukiliweka jaribio hili karibu na mchezo wetu unaona kwamba taulo halina shida hata kidogo, mtoto anavumilia kabisa uso ukifunikwa, asichoweza kukivumilia ni uso uliopo usiomjibu. Silisemi hili kumpa mtu hatia kwa sababu amejibu meseji akiwa amempakata mtoto, hao watoto mama zao walipoanza tena kuwachekea waliwarudia taratibu, na maisha ya nyumbani yana kazi nyingi. Nalisema kwa sababu linaonyesha anachokitafuta pale unapofunua.

Jambo dogo ila la muhimu, mtoto akigeuza kichwa pembeni katikati ya mchezo usimfuate na uso kule alikogeukia. Anapumzika. Furaha kwake ni kazi nzito, mwache atulie, akiwa tayari atakurudia mwenyewe na macho, hapo ndo uendelee. Watu wengi hapo wanaongeza sauti na mbwembwe wakidhani mchezo haumfurahishi tena, mtoto anaishia kulia na watu wanashangaa si alikuwa anacheka sasa hivi.

Halafu anakua, anafika miaka mitatu, na mchezo unageuka kuwa wa kujificha chumbani. Na hapo unakutana na kituko kipya: mtoto amesimama katikati ya sebule, amejiziba macho kwa viganja, anapiga kelele "nitafuteee!" na ana uhakika humuoni. Wengi tunasema anadhani kwa vile yeye haoni basi na mimi sioni. James Russell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilifuatilia hili na kulichapisha 2012, kwa kuwaziba macho watoto wa miaka mitatu na minne na kuwauliza maswali. Wengi walisema hawaonekani. Lakini walipoulizwa je kichwa chako kinaonekana, mwili wako unaonekana, wakakubali kwamba ndiyo, vinaonekana! Hata bila kuzibwa macho, mtafiti alipomwangalia mtoto moja kwa moja huku mtoto akiangalia pembeni, wengi walisema bado hawajaonekana. Kumbe kwao mwili ni mwili tu, ila "mimi" naonekana pale macho yangu na yako yanapokutana.

Kwa hiyo huyo aliyesimama katikati ya sebule hajakosea hata kidogo kwa hesabu zake. Anza kumtafuta nyuma ya pazia, chini ya meza, ndani ya kapu la nguo, huku unauliza kwa sauti jamani huyu mtoto kaenda wapi, na utamsikia ameanza kucheka kabla hujamfikia.