Unajua kutunza kisiki hai? Mwonyeshe jirani kabla ya mvua

Kuanzia Septemba, mashamba mengi ya Dodoma huanza kusafishwa kusubiri mvua. Ndio wakati wa kuberega: vichaka hufyekwa, hukusanywa na kuchomwa moto. Tatizo ni kwamba sehemu ya vichaka hivyo ni miti. Mkungugu au mkwaju uliokatwa miaka mingi nyuma bado una mizizi iliyo hai chini ya ardhi, na kila mwaka huchipua machipukizi mengi yanayogombea maji hayo hayo, hadi mwenye shamba anapoyafyeka tena.

Kuugeuza mti huo kuwa mti kweli ni ujuzi wa nusu saa, na wakulima wengi wa Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa wanaujua kwa jina la kisiki hai. Makala hii ni kwa ajili yao. Walio nao wamekuwa wengi kiasi cha kutosha kuwafundisha wengine bila kutungoja sisi wa ofisini.

Ukimfundisha jirani, nenda naye shambani na panga ashike yeye. Achague machipukizi kati ya mawili na matano, yaliyonyooka na yenye afya, na mengine ayaondoe karibu kabisa na kisiki. Yale yaliyobaki apogolee matawi ya chini hadi kama nusu ya urefu. Hapa ndipo pa kusimama na kuangalia mkono wake. Panga liwe kali, na akate kutoka chini kwenda juu. Akipiga kutoka juu, tawi huanguka na kuchuna gamba la shina, na jeraha hilo huwa njia ya wadudu na ugonjwa. Maelezo ya mdomo hayamfikishi mtu hapo. Akikata vibaya tawi la kwanza mbele yako, la pili atalikata vizuri.

Mwisho afunge kitambaa, hata kipande cha kanga kuukuu, kwenye chipukizi lililochaguliwa. Kitambaa hicho kinamwambia kila apitaye, hasa mtoto anayechunga mbuzi, kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Kwa hiyo mchungaji naye ni mwanafunzi wako. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani, mwambie alama ile ina maana gani. Mbuzi mmoja akiachiwa asubuhi moja tu hurudisha kazi nyuma msimu mzima.

Kuna watu huanza somo kwa kueleza mabadiliko ya tabianchi. Si vibaya, lakini mama anayetembea mbali kutafuta kuni atakusikiliza haraka zaidi ukimwonyesha mzigo wa matawi yaliyopogolewa siku hiyo hiyo. Mfugaji mwonyeshe malisho.

Kuenea kwa njia hii kutoka mkono hadi mkono si nadharia. Nchini Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo alianza kuihimiza mwaka 1983 katika eneo la Maradi, na wakulima wakaanza kuigana. Leo inakadiriwa kuwa imefika hekta milioni 5, karibu bila kupanda miche.

Hapa kwetu pia maarifa hayakutoka ofisini peke yake. Mashimo ya Chololo, ya kupandia mazao na kutunza maji ya mvua, yalibuniwa na mkulima wa kijiji hicho cha Dodoma, na wataalamu tukajifunza kutoka kwake. Shimo lina upana wa sentimita kama 22 na kina cha 30, umbali wa 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mistari. Udongo uliotoka unazungushiwa kama kingo. Ndani huwekwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha udongo kidogo, ukiacha nafasi ya maji kutuama. Kwenye mkoa unaopata mvua yake karibu yote kati ya Desemba na Aprili, mtama ulio ndani ya shimo hilo huvumilia kiangazi cha katikati ya msimu kuliko wa shamba la kuberega. Kata kijiti cha sentimita 60 umwachie jirani. Futi ya kupimia hana.

Usimfundishe yote mawili siku moja. Kisiki ni kazi ya kiangazi, mashimo nayo yachimbwe mapema kabla ya mvua. Na semina? Zina nafasi yake, ingawa sote tunajua posho na soda vina sehemu yake katika mahudhurio.

Liko jambo ambalo jirani kwa jirani hawaliwezi: mifugo ya wengi na moto. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, uliondoa mifugo kwa amri katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa mwaka 1979. Uoto ulirudi, lakini wafugaji walibeba mzigo mzito. Afadhali kijiji kikubaliane chenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao unaweza kujadili sheria ndogo za moto na uchungaji. Peleka hoja kwa mtendaji mapema iingie kwenye ajenda, na siku ya mkutano uje na watu walioona shamba lako. Kama unalima shamba la kukodi, mwenye shamba awe wa kwanza kuonyeshwa, maana yeye ndiye anayeweza kuagiza visiki vikatwe ukishaondoka.