Nairobi hadi New York: Kwa Nini Saa 15 na Si 13?

Ukitafuta mtandaoni umbali kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi John F. Kennedy, New York, utaambiwa ni takriban kilomita 11,800. Tovuti nyingine itakupa maili 7,350, na ya tatu 6,390. Zote ziko sahihi. Hiyo ya mwisho ni maili za baharini, wanazotumia marubani, ambapo maili moja ni kilomita 1.852.

Ndege kubwa ya abiria hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika chache. Mbona basi safari ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, hupangiwa kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi?

Kwanza, njia yenyewe. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita Burkina Faso. Lakini dunia ni mviringo: kaza uzi juu ya tufe la dunia, utaona njia fupi inapanda kaskazini zaidi, Chad, jangwa la Algeria, Moroko, ndipo Atlantiki. Hicho ndicho kipimo cha tovuti, na ni nadra ndege kukifuata sawasawa. Mawingu ya radi hukwepwa, na anga hufungwa kwa vita, kama ya Sudan ilivyofungwa Aprili 2023.

Mlaji mkubwa wa muda ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu majira ya baridi. Anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi unamsukuma. Ukikukabili kwa wastani wa kilomita 50 tu kwa saa, zile saa 13 zinakaribia 14. Na muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo foleni za JFK zimo.

Muda mrefu maana yake mafuta mengi, na hapo Nairobi ina shida yake. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa hupata taabu kupaa. Ubaridi wa usiku husaidia kidogo.

Tahadhari kwa wanaokwenda kupokea wageni: tiketi ikisema kuondoka 23:30 na kufika 06:30, hizo si saa saba. Kila muda umeandikwa kwa saa za mahali pake, na New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, au saba kati ya Machi na Novemba. Mgeni wako atatua saa 12:30 asubuhi ya huko, na bado ana foleni ya uhamiaji mbele yake.