Je, wajua kwa nini ndege ikienda New York inachelewa, ikirudi London inawahi?

Juzi niko saluni hapa Majengo nanyolewa, akaja dogo mmoja na simu yake anauliza, ati ndege ya London kwenda New York wanaandika masaa 8 hivi, ya kurudi chini ya 7, na njia si ni ile ile, kama kilomita 5,550, sasa hilo lisaa lingine linaenda wapi? Kinyozi akamjibu fasta: "Dunia inazunguka bwana, ndege ikishapaa huku chini kunasogea." Wote wakaitikia. Mi nikanyamaza maana wembe ulikuwa shingoni, lakini jibu siyo hilo.

Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, usawa wa Dodoma ni kama kilomita 1,660 kwa saa. Sasa ingekuwa ukipaa ardhi inakukimbia, helikopta ingening'inia juu ya Nyerere Square lisaa limoja tu, ikishuka iko Kasai, Kongo huko! Na kwa hesabu hiyo hiyo New York ndo ingekuwa inaifuata ndege ije kuipokea, kwa hiyo kwenda ndo kungekuwa kufupi. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo humo humo kwenye hewa.

Mchawi ni upepo. Mtu wa Dodoma hata hahitaji darasa, chukua baiskeli mwezi wa saba toka mjini uende Ihumwa, upepo wa mashariki unakupiga usoni na vumbi juu, unakanyaga mpaka magoti yanagoma, ila kurudi unajiachia tu. Sasa kule kaskazini, kilomita 9 mpaka 12 juu, kuna mto wa upepo wanauita jeti strimu, wenyewe unatoka magharibi kwenda mashariki, kinyume na huu wetu. Unatokana na joto la huku ikweta kupishana na baridi ya ncha ya kaskazini, na mzunguko wa dunia ndo unaupindisha uelekee mashariki, kwa hiyo kinyozi tumpe nusu maksi. Majira yao ya baridi unakuwa mkali zaidi.

Piga hesabu, ndege inakata hewa kilomita 900 kwa saa. Ikisukumwa na upepo wa 150 inakuwa 1,050, safari masaa 5 na dakika kama 17. Ikipambana nao inabaki 750, masaa 7 na dakika 24. Hapo bado kuzunguka zunguka uwanjani na kusubiri kutua. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba, ndege ya British Airways ikatoka New York mpaka London kwa masaa 4 na dakika 56! Marubani wanaujua huo mto, wakirudi Ulaya wanautafuta, wakienda Marekani wanaukwepa hata kama njia inarefuka.

Ila angalieni tiketi vizuri, inaandika saa za kila mji. Unatoka London saa 4 asubuhi, unatua New York saa 7 mchana, ukitoa kichwa kichwa utasema masaa matatu, kumbe New York wako nyuma masaa 5, umekaa angani 8.

Huku kwetu karibu na ikweta mto huo haupo. Dodoma na Dar ni kama kilomita 400 za angani, kwenda na kurudi zinapishana dakika chache tu, ukiona umechelewa sana ujue mlichelewa kuondoka.