Kwa nini dawa hupigiwa kura kabla ya kusifiwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Goma, iwe Majengo, iwe Himbi, iwe nyumbani tukila, ni hili: mgonjwa yuko taabani, dawa mbili ziko kwenye friji, halafu ninyi wa utafiti mnapiga kura, kama bahati nasibu, nani apewe ipi. Mna roho ya namna gani? Mimi ni mtu wa labo. Nashinda na mirija ya damu na namba. Dawa simwandikii mtu. Lakini kura ile hutanguliwa na namba inayotoka kwetu, kwa hiyo nina haki ya kujibu.

Ushahidi ambao watu wanauamini kuliko wowote ni wa jirani: alipewa dawa fulani, akapona. Basi tuchukue kwinini. Wengi wetu tulitundikiwa kwinini ndani ya serumu tukiwa watoto, masikio yakavuma, tukapona, na mama zetu wakaishukuru. Mashahidi wa kwinini wamejaa Kivu nzima. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Nusu walipata kwinini, nusu artesuneti ya sindano, kwa kura. Kwenye kwinini walikufa asilimia 10.9, kwenye artesuneti 8.5. Yaani watoto kama wawili zaidi waliokolewa katika kila mia. Hakuna daktari, hata awe na jicho kali namna gani, ambaye angeiona tofauti hiyo wodini kwake. Huonekana tu pale wengi wanapolinganishwa na wengi.

Sasa Ebola, maana huko ndiko maneno yalikokuwa mengi. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukafungwa tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Dawa zilizolinganishwa zilikuwa nne, ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3, na kila moja ilikuwa na watu wake wa kuitetea. Novemba 2018 ukaanza utafiti wa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Jean-Jacques Muyembe na INRB, taasisi ya taifa ya Kongo ya utafiti wa tiba, walikuwa mbele, pamoja na wenzao wa Marekani na mashirika ya kimataifa.

Kabla ya kura, mgonjwa alipimwa damu. Kwenye kipimo kiitwacho PCR, mashine inachukua kipande cha vinasaba vya kirusi na kukizidisha mara mbili, kisha mara mbili tena, duru baada ya duru, hadi mwanga wake uweze kusomeka. Tunaandika mwanga umetokea kwenye duru ya ngapi. Kirusi kikiwa kingi mwanga unawahi, kwa hiyo namba ndogo ni habari mbaya. Ukizidisha kwa mbili mara kumi unapata 1,024. Maana yake mgonjwa mwenye namba 18 amebeba kirusi karibu mara elfu moja zaidi ya mwenye namba 28, ingawa wamelala vitanda vinavyopakana, wote wana homa, wote wanahara, na muuguzi anayepita anaweza kuwaona sawa kabisa.

(Namba hiyo nayo ina vituko vyake. GeneXpert, mashine ya PCR, ikipima Ebola inatafuta jeni mbili za kirusi, moja ya protini inayofunika vinasaba vyake na moja ya ganda la nje. Chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo imebeba ile ya ganda. Kwa hiyo mtu aliyechanjwa juzi akipata homa, mashine inaweza kuonyesha jeni ya ganda peke yake, na asiyejua akakimbilia kumwita mgonjwa wa Ebola. Ndiyo maana jibu la labo linasomwa na mtu, haliishii kwenye karatasi inayotoka mashineni.)

PALM iliweka mpaka kwenye 22. Walio chini ya hapo au hapo hapo walihesabiwa kuwa na kirusi kingi, walio juu kuwa na kichache, na kura ikapigwa ndani ya kila kundi ili kila dawa ipate wagonjwa wazito na wepesi kwa kiasi kinachofanana. Daktari hakuruhusiwa kuchagua. Siyo kwamba hatumwamini. Ni kwamba daktari mwenye huruma angempa dawa anayoitumaini yule anayekaribia kufa, na dawa hiyo ingehesabiwa vifo ambavyo nyingine yoyote ingevipata vilevile.

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri zoezi lisimamishwe kabla halijafika mwisho, kwa sababu tofauti ilikuwa imeshaonekana wazi. Hesabu ya mwisho, siku 28 baada ya kuanza matibabu: kwenye ZMapp walikufa asilimia 49.7, kwenye remdesivir 53.1, kwenye mAb114 asilimia 35.1, na kwenye REGN-EB3 asilimia 33.5. Katika wenye kirusi kichache, mAb114 ilishuka hadi 9.9 na REGN-EB3 hadi 11.2.

Hapo naomba msomaji asimame kidogo. Katika kundi hilohilo la kirusi kichache, remdesivir, iliyoshika mkia, walikufa asilimia 29. Geuza hesabu: saba kati ya kumi walipona. Kama ingekuwa dawa pekee iliyoletwa Beni, bila kura, bila kundi la kulinganisha, tungekuwa na mashahidi saba kwa kila kumi, redio zingewahoji, makanisa yangetoa shukrani, na tungeendelea kuitumia huku dawa iliyo bora zaidi ikikaa kwenye friji. Aliyepona hasemi uongo. Yeye hajui tu kwamba pengine angepona hata kwa nyingine.

Na hakuna aliyepewa maji matupu katika PALM. ZMapp iliwekwa kuwa kipimo cha kulinganisha kwa sababu jaribio dogo la Afrika Magharibi, lenye wagonjwa 72, lilikuwa limeipa matumaini bila kuthibitisha. PALM pia ilionyesha jambo ambalo reko wetu, wahamasishaji wa afya wa mtaani, walilihubiri bila kusikilizwa: waliofika ndani ya siku moja tangu dalili kuanza walikufa asilimia 19, waliofika baada ya siku tano asilimia 47.

Kidonge kitupu kilikuja kwenye mpox. Tecovirimat ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ndui, kwa ushahidi wa ufanisi uliotoka kwa wanyama. Ilipoletwa kwenye hospitali za Tunda na Kole, hapa Kongo, kwa wagonjwa 597, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa, na watu wakalalamika, nami nawaelewa. Agosti 2024 jibu likatoka: vidonda havikukauka haraka zaidi kwa waliopata tecovirimat. Lakini katika utafiti mzima, makundi yote mawili, walikufa asilimia 1.7 tu, wakati vifo vya mpox nchini vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Walikuwa wamelazwa, wanakula, maji yanarudishwa mwilini, maambukizi mengine yanatibiwa. Bila lile kundi la kidonge kitupu, sifa yote ingeenda kwa tecovirimat, na bajeti ya wizara ingeifuata, huku chakula na uuguzi vikibaki bila wa kuvisemea.

Siyo kila kura hutafuta dawa inayoponya wengi zaidi. Kwenye malale, fexinidazole ya vidonge ilifaulu asilimia 91, matibabu ya zamani ya NECT karibu 98. Vidonge vilikubaliwa hata hivyo, kwa kuwa NECT inadai serumu, kitanda na muuguzi, na vijiji vyenye malale mara nyingi havina vyote vitatu. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa mgonjwa mahututi bado anahitaji NECT.

Kwa hiyo watafiti wakija kwako na karatasi ya ridhaa, acha kuuliza kama kuna kura. Uliza asiyepata dawa mpya atapewa nini. Uliza nani atagharimia ukipata madhara. Uliza damu yako itakaa wapi na kwa muda gani, kwa sababu swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika: mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, iliyochukuliwa miaka 11 baadaye. Na Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulitoa wito hadharani sampuli za maabara ya INRB zisiguswe. Karatasi isiyojibu maswali hayo, irudishe bila kuisaini. Matibabu ya kawaida ni haki yako hata ukikataa, na ukishasaini unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.