Wazo, fikra, dhana: maneno tunayoyachanganya

Wengi huamini kwamba wazo na fikra ni kitu kimoja, ukichoka na hili unatumia lile. Sivyo. Wazo huja lenyewe: "wazo limenijia", hata ukiwa unaoga. Fikra ina jasho ndani yake; mtu amepima, amelinganisha, akafika mahali pa kusimama. Ndiyo maana enzi za chama kimoja Tanzania iliitikiwa "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" Weka mawazo hapo uone kaulimbiu inavyolegea. Kweli, mipaka hii si ukuta, na mshairi anayetafuta vina huivuka atakavyo.

Mawazo yenyewe yana jambo lake. "Ana wazo" maana yake ana pendekezo. "Ana mawazo", basi, bila neno jingine, maana yake kuna kinachomsumbua. Ukimwambia rafiki "naona leo una mawazo", humsifu kwa ubunifu, unamjulia hali. Ongeza kivumishi kimoja tu, "ana mawazo mazuri", na huzuni yote imeondoka.

Kosa linaloniuma zaidi ni kudhani kwamba dhana ni uongo. Limetokana na kulisikia neno hili kila mara likifuatana na potofu. Lakini kama dhana ingekuwa ya uongo tangu mwanzo, potofu ingekuwa na kazi gani? Asili yake ni Kiarabu, na kudhani ni kuliweka jambo moyoni kabla hujawa na hakika nalo. Huenda likawa kweli, huenda lisiwe. Kisha vitabu vya shule vikalipa kazi ya pili: "dhana ya demokrasia", "dhana ya mofimu". Hapo hakuna shaka yoyote. Ni picha ya jumla ya kitu akilini. Kwa hiyo msomaji lazima atazame neno linalofuata. Na anayeandika "dhana za kilimo" amekusudia zana, yaani majembe na mapanga.

Nadharia nayo huonewa: "hiyo ni nadharia tu." Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupimwa. Ile ya Einstein ya mwaka 1915 kuhusu nguvu ya uvutano ilipimwa mwaka 1919, jua lilipopatwa, kwa kuangalia jinsi mwanga wa nyota unavyopinda ukipita karibu na jua. Kisio ambalo bado halijapimwa huitwa nadharia tete.

Rai ni maoni yanayosukuma watu watende, ndiyo maana kiongozi "hutoa rai".

Mwisho, si kila maoni ni hoja. "Kitabu hiki hakifai" ni maoni, na kila mtu ana yake. "Hakifai kwa sababu sura ya tatu inakanusha ya kwanza" ni hoja, na hoja haipigwi rungu: anayeipinga itabidi afungue sura hizo mbili atuonyeshe zinavyopatana.