Mahojiano ya hiari na wageni katika kuzuia ugaidi

Polisi au wapelelezi wanapomtafuta mgeni aliyeingia nchini kihalali, ambaye hawamshuku kwa kosa lolote, wakamwomba awaeleze chochote anachokijua kinachoweza kusaidia kuzuia shambulio la kigaidi, hayo ndiyo huitwa mahojiano ya hiari. Mgeni anayezungumziwa ni mwenye viza ya muda: mwanafunzi, mtalii, mfanyabiashara, mtu aliyekuja kutibiwa. Hajakamatwa wala hajashtakiwa, na anaulizwa kwa sababu huenda alisikia jambo au alimwona mtu. Kisheria anaweza kujibu, kukataa, au kujibu baadhi ya maswali na kuyaacha mengine.

Hapo ndipo mahojiano haya yanapoachana na mambo mawili yanayofanana nayo. La kwanza ni kumhoji mshukiwa, ambako tayari kuna kosa linalochunguzwa na mtu anayehusishwa nalo. La pili ni maswali ya mpakani, ambayo hayana hiari hata kidogo, kwa kuwa mgeni asiyeyajibu anaweza kurudishwa alikotoka. Mahojiano ya hiari humfuata mtu baada ya kuingia, nyumbani au chuoni kwake, wakati mwingine miezi mingi tangu pasipoti yake igongwe muhuri.

Mfano mkubwa unaojulikana ni wa Marekani baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001. Tarehe 9 Novemba mwaka huo, Wizara ya Sheria chini ya Mwanasheria Mkuu John Ashcroft iliagiza wahojiwe wanaume wapatao 5,000. Walichaguliwa kwa vigezo vichache: wawe na umri wa miaka 18 hadi 33, wawe wameingia kwa viza ya muda tangu Januari 1, 2000, na pasipoti zao ziwe za nchi ambazo mtandao wa al-Qaeda uliaminika kuwa na watu au shughuli. Machi 2002 ikaongezwa orodha ya pili yenye majina zaidi ya 3,000. Kazi ya kuwatafuta na kuwahoji walipewa wapelelezi wa serikali kuu, pamoja na polisi wa miji na majimbo.

Tazama vigezo hivyo vizuri. Hakuna hata kimoja kinachogusa jambo ambalo mtu amelifanya. Umri, jinsia, tarehe ya kuingia na rangi ya pasipoti vilitosha kuliingiza jina la mtu kwenye orodha. Wizara ilijitetea kwamba haikuwa ikitafuta wahalifu, ilitafuta watu wanaofanana kimaisha na watekaji wa zile ndege, ambao huenda walikutana nao au na wenzao bila kujua. Hoja hiyo ina mantiki yake, na katika majuma yale ya hofu serikali yoyote ingetaka kumsikia kila anayeweza kuwa na fununu. Lakini kwa aliyepokea wito, kuambiwa kwamba hashukiwi na papo hapo kujua kwamba ameitwa kwa sababu ya alikozaliwa ni mambo mawili magumu kuyapatanisha.

Maswali yenyewe yalikuwa yameandikwa mapema. Mhojiwa aliulizwa alikuja Marekani kufanya nini, ametembelea nchi zipi, amewahi kufika Afghanistan au la. Aliombwa namba zote za simu alizotumia yeye na watu wake wa karibu. Aliulizwa kama anamjua mtu yeyote anayeunga mkono ugaidi, kama anajua lolote kuhusu uchangishaji wa fedha au vitambulisho vya kughushi, na alipokeaje habari za mashambulio. Swali hilo la mwisho ndilo lililowatia wengi wasiwasi. Mtu akiulizwa alikosafiri anajibu kwa kumbukumbu tu. Akiulizwa alijisikiaje, anaanza kupima kila neno, maana hajui aliye mbele yake ataliandikaje.

Huko Michigan, kwenye jamii kubwa ya watu wenye asili ya nchi za Kiarabu mjini Dearborn na vitongoji vyake, ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu haikuanza kwa kugonga milango. Mwishoni mwa Novemba 2001 ilituma barua kwa mamia ya wanaume, ikiwaeleza kwamba haina sababu ya kuamini wanahusika na ugaidi, kwamba mahojiano ni ya hiari, na kwamba wapige simu kupanga muda unaowafaa. Ulikuwa utaratibu wa kistaarabu kuliko kumtokea mtu kazini kwake mbele ya wenzake, na uliwapa nafasi ya kutafuta wakili kabla ya kwenda. Hata hivyo barua iliyotoka kwa mwendesha mashtaka wa serikali, na kumwekea mgeni siku ya mwisho ya kujibu, ni vigumu kuisoma kama mwaliko wa kawaida.

Na wasiwasi huo haukuwa wa kujitungia. Mwezi huohuo waraka wa ndani wa idara ya uhamiaji uliwaeleza maofisa wake kwamba mhojiwa atakayeonekana amevunja masharti ya viza anaweza kuwekwa kizuizini bila dhamana. Mwanafunzi aliyepunguza masomo muhula mmoja, au aliyefanya kazi saa chache zaidi ya alizoruhusiwa, alikuwa na kila sababu ya kuogopa chumba kile hata kama hajawahi kumwona gaidi maishani mwake. Kwa upande mwingine serikali ilitangaza kwamba atakayetoa habari za maana anaweza kusaidiwa kupata viza ya aina ya S, ambayo hupewa mashahidi na watoa habari. Kwa hiyo ndani ya mazungumzo yaleyale kulikuwa na tishio na zawadi, na vyote viwili vilikuwa mkononi mwa muulizaji.

Si polisi wote walioikubali kazi hiyo. Polisi wa Portland, katika jimbo la Oregon, walikataa kuwahoji watu wasioshukiwa kosa, wakisema baadhi ya maswali yanagongana na sheria za jimbo lao. Mwanasheria Mkuu wa Oregon alikuwa na maoni tofauti, ila jiji lilishikilia msimamo wake.

Matokeo yalikuja kukaguliwa na ofisi ya uhasibu ya Bunge la Marekani, iliyotoa taarifa yake mwaka 2003. Hadi Machi mwaka huo walikuwa wamehojiwa watu 3,216, kama asilimia 42 ya majina yaliyoorodheshwa. Wengine walikuwa wamehama au wameondoka nchini, na orodha zenyewe zilikuwa na majina yaliyojirudia na anwani zisizo sahihi. Waliokamatwa hawakufika 20, wengi wao kwa makosa ya uhamiaji. Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba habari zilizokusanywa katika mahojiano hayo hazikuwa zimechambuliwa ili kujua zimesaidia nini. Baadhi ya maofisa walisema mahojiano yaliwajenga kimahusiano na jamii walizokuwa hawazijui. Baadhi ya wahojiwa na mawakili wao walisema hawakuona hiari yoyote, kwa sababu waliamini kukataa kungewaponza.

Linganisha na mahojiano mengine, yaliyofanyika kabla ya mashambulio. Agosti 4, 2001, kwenye uwanja wa ndege wa Orlando, ofisa wa uhamiaji José Meléndez-Pérez alimhoji Mohammed al-Qahtani, raia wa Saudi Arabia, kwa muda wa kama saa moja na nusu, kupitia mkalimani wa kwenye simu. Al-Qahtani alikuwa na dola 2,800 taslimu, hana tiketi ya kurudi wala nafasi hotelini. Alisema rafiki yake atafika siku chache baadaye. Alipobanwa zaidi akabadilisha, akasema rafiki huyo anamsubiri palepale uwanjani, kisha akakataa kumtaja jina. Ofisa akamrudisha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba Mohamed Atta, kiongozi wa watekaji, alikuwa kwenye uwanja huo siku hiyo, na al-Qahtani alitarajiwa kuwa mmoja wa watekaji. Hayo yalikuwa maswali ya mpakani, hivyo nguvu ya kisheria ilikuwa upande wa ofisa. Lakini kilichomsaidia hasa ni kumsikiliza mtu mmoja hadi maelezo yake yalipoanza kupingana yenyewe kwa yenyewe. Orodha ya maelfu ya majina haimpi mhojaji nafasi hiyo, maana kila mtu anapata maswali yaleyale na dakika chache, kisha anafuata mwingine.

Kwa mgeni anayeitwa kwenye mahojiano ya namna hii nchini Marekani, haki zake ni zilezile kwa sehemu kubwa kama za raia. Anaweza kwenda na wakili, ingawa serikali hailazimiki kumlipia. Anaweza kuomba mkalimani. Anaweza kuuliza kama yuko huru kuondoka, na akiambiwa ndiyo, akaondoka. Asitegemee kusomewa ile tahadhari ya haki ya kukaa kimya inayotokana na kesi ya Miranda ya mwaka 1966, kwa kuwa hutolewa kwa mtu aliye chini ya ulinzi, na yeye anahesabiwa kuwa amekuja kwa ridhaa. Haki ya kunyamaza anayo hata asiposomewa.

Kusema uongo ni jambo jingine kabisa. Kumdanganya ofisa wa serikali kuu kwa makusudi kuhusu jambo la msingi ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na hadi 8 ikiwa linahusu ugaidi, hata kama hakuapishwa. Mtu anayesahau tarehe ya safari na kuibahatisha kwa kuogopa kuonekana anaficha kitu anajiweka pabaya bure. Akiwa hakumbuki, aseme hakumbuki, na akiwa hataki kujibu, aseme hivyo waziwazi, wakili wake akiwa pembeni.